Mtoto Amwambie Nani?

Katika darsa zetu za hapa Muyeye tumefikia Sura ya Yusuf, na katika aya zake za mwanzo tumekaa siku nyingi kuliko tulivyokusudia. Sababu yake ni kwamba kisa hiki kirefu chaanza kwa jambo dogo mno, ambalo wengi wetu twalipita mbio ili tufike kwenye kisima na msafara na jumba la Misri. Chaanza kwa mtoto aliyeona jambo la kumshangaza usingizini, akamwendea babake kumweleza. Hakumwendea mtumishi, wala rafiki, wala nduguze. Na babake, naye ni Nabii wa Mwenyezi Mungu mwenye shughuli zake, hakumcheka wala hakumwambia aache maneno ya kitoto. Alimsikiliza hata mwisho, akamwonya juu ya hatari iliyokuwa karibu naye, kisha akamfariji kwa bishara njema.

Wajuao Kiarabu watatambua kwamba neno ambalo Nabii Yaaqub (A.S.) alimwitia mwanawe, bunayya, ni neno la kudogosha kwa mapenzi, kama mtu asemavyo "kijana changu kipenzi." Neno hilo hilo Luqman alimwitia mwanawe mara tatu katika sura iitwayo kwa jina lake. Na lililotushangaza zaidi darsani ni kwamba Nabii Nuh (A.S.), alipokuwa akimwita mwana aliyemuasi, na mawimbi yameshakuwa kama milima, naye alitumia neno hilo hilo. Hakumwita mlaanifu. Sisi je, twawaitaje wetu wakati wamechelewa tu kurudi dukani?

Basi swali tulilolizungusha darsani, na ambalo twapenda kila mzazi aliyesoma karatasi hii ajiulize, ni hili: mtoto wako akipatwa na jambo la kumtisha leo, atamwambia nani?

Msomaji asiyeijua Muyeye na aijue kwa ufupi. Ni mtaa wa upande wa kusini wa mji wa Malindi, karibu na bahari, unaokaa watu wa makabila mengi, na riziki ya wengi wao hutoka katika uvuvi, kazi za mahoteli na majumba ya wageni, ujenzi, bodaboda na biashara ndogo ndogo. Si watu waovu. Wawapenda watoto wao, na wengi hujinyima chakula ili mtoto apate karo. Lakini mapenzi yetu mengi twayafungia kifuani kama mtu afungiaye taa sandukuni.

Twaona nyumba ambazo watoto hucheka na kucheza mpaka isikike sauti ya pikipiki ya baba. Hapo kicheko hukatika, mmoja akashika kitabu kichwa chini miguu juu, na mwingine akatoka kwa mlango wa uani. Jirani akiona hayo husifu, "Watoto wa fulani wana adabu!" Nasi twasema, la, hiyo si adabu, hiyo ni hofu, na tofauti yake ni kubwa. Adabu hubaki na mtoto baba akiwa hayupo. Hofu huondoka pamoja na baba mlangoni, na ndiyo maana mtoto aliye kimya kama maji mtungini mbele ya babake huwa ndiye wa kwanza kutukana watu wazima akiwa barazani pa wenzake.

Hofu hiyo twaipanda mapema. Mtoto hajaweza hata kusema maneno matatu, nasi tumeshamtisha kwa zimwi, kwa polisi, kwa sindano ya daktari, na hapa kwetu Malindi hata kwa Mzungu mpita njia, kwamba atamchukua. Akikua kidogo twamvunja kwa majina: mpumbavu, hayawani, huna maana kama mjomba wako. Akikojoa kitandani hutangazwa kwa wageni. Akilia, na ikiwa ni mtoto wa kiume, huambiwa kwamba wanaume hawalii. Sijui mafundisho hayo yametoka wapi, kwani Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi mbele ya masahaba alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa akajibu kwamba hiyo ni huruma.

Na habari ya al-Aqra bin Habis wengi wetu twaijua, lakini twaisikia kama kisa cha mtu mwingine. Alimwona Mtume (S.A.W.) akimbusu mjukuu wake Hasan, akastaajabu, akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamjulisha kwamba asiyehurumia hatahurumiwa. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Al-Aqra alikuwa mkuu wa watu wake, na hapana shaka alidhani kwamba haiba ya baba yapungua kwa busu. Wangapi wa al-Aqra tunao Malindi!

Tazameni pia kisa cha Abu Umayr, nduguye mdogo Anas. Mtume (S.A.W.) alimkuta mtoto huyo ana huzuni, akauliza, akaambiwa kwamba kijindege alichokuwa akichezea kimekufa. Kwetu sisi jambo hilo lingepata jibu gani? "Ndege tu huyo, nyamaza!" Lakini Mtume alimwita kwa kunya yake, kama aitwavyo mtu mzima, akamuuliza habari za kijindege chake. Wanavyuoni wametoa katika hadithi hiyo fupi mafunzo mengi ya fikihi. Sisi twataka kutoa moja tu: kwamba huzuni ya mtoto ni huzuni kweli, na mkubwa aliyekuwa na umma mzima mabegani hakuona ni upuuzi kuiulizia.

Sasa twafika kwenye fimbo, kwani hapo ndipo mabishano hutokea kila mara. Ndugu wengi hutuambia, "Mtume ameamrisha watoto wapigwe." Hadithi wanayoikusudia, iliyopokewa na Abu Daud, yasema watoto waamrishwe sala wakiwa na umri wa miaka saba, na wapigwe kwa ajili yake wakiwa na miaka kumi. Tuihesabu basi. Baina ya saba na kumi pana miaka mitatu. Mwaka wa Kiislamu una siku 354, na kila siku ina sala tano. Hizo ni mara 5,310 ambazo mzazi amepewa za kumwita mtoto kwa ulimi mwema, kumshika mkono, kumtawadhisha, kusimama naye, kabla hata ya kutajwa pigo. Ni nani kati yetu aliyetimiza hata mia katika hizo? Nasi twapiga mtoto wa miaka minne aliyevunja kikombe, kisha twajificha nyuma ya hadithi!

Na wanavyuoni walipolieleza pigo hilo walilifunga kwa masharti: lisiumize, lisiache alama, lisifike usoni, lisiwe la kutuliza hasira ya mpigaji. Kisha yupo Bibi Aisha (R.A.) aliyesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga mtu kwa mkono wake, wala mwanamke wala mtumishi, isipokuwa katika vita vya njia ya Mungu. Anas alimtumikia miaka kumi tangu utotoni, na ushahidi wake ni kwamba hakupata kuambiwa hata neno la kuchukiwa. Anayetaka Sunna na aanzie hapo.

Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameweka katika Muqaddima yake mlango mzima juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi. Aeleza kwamba mtoto alelewaye kwa mabavu moyo wake husinyaa na uchangamfu wake humtoka. Hujifunza uvivu, uwongo na hila, kwa sababu huonyesha nje kisichokuwamo ndani ili aokoke na mikono iliyo juu yake. Na hila hizo zikidumu huwa ndiyo tabia yake. Maneno hayo yana zaidi ya miaka mia sita. Twawaomba walimu wetu wa vyuo wayasome, kwani tungali na vyuo ambavyo mtoto huijua Juzuu Amma na bakora siku moja, na akiwa mkubwa, kila akiifungua Juzuu Amma, bakora humjia moyoni. Tena sheria ya nchi nayo imekwisha kusema: viboko mashuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 29, imemkinga kila mtu na adhabu ya kupigwa. Mwalimu wa chuo hana ruhusa yake peke yake.

Hapa wazee hutukumbusha mithali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mithali hiyo ni ya kweli. Asiyemkataza mwanawe kwa kuogopa machozi yake atajuta, na sisi hatukuja kufundisha kudekeza. Mtoto na akatazwe, na neno la mzazi likisemwa lisirudishwe kwa kelele. Lakini mithali imesema kulia, haikusema kutoka damu. Na ile nyingine, ya samaki kukunjwa angali mbichi, wavuvi wetu waijua kuliko wenye kuitaja barazani: samaki mbichi hukunjika kwa sababu ni laini, na mwenye kumkunja kwa pupa humpasua.

Yapasa pia tuseme kwamba si kila utundu ni ukaidi. Mwaka 2017 ulitolewa uchunguzi uliofanywa hapa hapa Kilifi juu ya watoto zaidi ya 3,000 wa umri wa mwaka mmoja hadi sita. Kiasi cha watoto 13 katika kila 100 walionekana kuwa na taabu za tabia na za moyo. Na zile taabu za ndani, kama hofu, huzuni, na maumivu ya mwili yanayofuatana na dhiki ya moyo, zilionekana kwa wengi zaidi kuliko zile za nje za ugomvi na utundu. Maana yake ni kwamba mtoto mnyamavu, ambaye hakuna amshitakiye, huenda ndiye mwenye mzigo mkubwa. Waliochunguza waliona pia kwamba taabu hizo hufuatana na matatizo ya wakati wa kuzaliwa na maradhi ya kifafa na mfano wake. Basi mtoto aliyepata degedege, ambaye sisi twasema ameingiliwa na nyuni na kumpeleka kwa mganga kufukizwa, kisha twampiga kwa kuwa hatulii, huyo amedhulumiwa mara mbili. Mahali pake ni hospitali.

Muislamu hakatazwi kuiokota hikima popote aikutapo, na katika jambo hili ipo hikima iliyookotwa Afrika Mashariki yetu hii, ingawa wachache waijua. Katika miaka ya 1954 na 1955 bibi mmoja mtaalamu wa elimu ya nafsi, Mary Ainsworth, alikaa Uganda na kuzitembelea nyumba za mama 26 wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Watoto wachanga aliowaangalia walikuwa 28. Alikuwa akiketi nao, akitazama mtoto hufanya nini mama akiwapo na akiondoka. Aliyoyaona aliyatia katika kitabu mwaka 1967, na elimu ya malezi duniani ikabadilika kwa sababu ya mama hao wa Buganda.

Aliona nini? Kwamba mtoto mwenye yakini na mamake hutambaa mbali naye, hugusa hiki na kile, kisha hugeuka kumtazama, na akiogopa humrudia mbio; akishatulia hutoka tena. Mama amekuwa kwake kama bandari, ambayo chombo hakitoki kwa kuikimbia, bali hutoka kwa kuwa chajua pa kurudi. Ama mtoto asiye na yakini hulia hata akiwa mapajani, wala hathubutu kwenda mbali. Sisi twafikiri kwamba kumwitikia mtoto kila aliapo ni kumharibu, kumbe walioitikiwa ndio waliolia kidogo. Na jambo moja limetupendeza zaidi: mama ambao watoto wao walikuwa na yakini ni wale walioweza kumweleza mgeni habari ndogo ndogo za mtoto, apenda nini, aogopa nini, leo ameamkaje. Yaani walikuwa wakimtazama. Wala kulelewa na mikono mingi, shangazi na nyanya na dada, hakukuonekana kuwa ndiko kunakomtia mtoto wasiwasi. Hilo ni jambo la kutufariji sisi tukaao jamaa nyingi katika uwa mmoja.

Twalitaja hilo kwa ajili ya nyumba nyingi za hapa ambazo mama amekwenda Saudia au nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na watoto wamebaki kwa nyanya. Hatuwalaumu. Aliyempeleka ni njaa, na fedha anazoleta ndizo zimejenga chumba na kulipa karo. Lakini twawaomba waliobaki na watoto wasifanye makosa mawili. La kwanza ni kumdanganya mtoto, kumwambia mama amekwenda sokoni atarudi jioni, mpaka mtoto akaacha kusadiki neno la mtu yeyote. Na aambiwe ukweli kwa maneno ya umri wake, na mama aage kabla ya kuondoka, hata kama atalia. La pili ni kuifanya simu ya mama kuwa mahakama: mama apiga mara moja kwa wiki, na nyanya ampokea kwa mashitaka, kisha mtoto hupewa simu ili agombezwe kutoka Riyadh. Simu hiyo ni kamba pekee iliyobaki baina yao. Msiitumie kumchapia.

Na wako mababa waliopo kwa miili, nao wako mbali kuliko Riyadh. Kwetu jambo hili lina majira yake. Kaskazi ikivuma wageni huja, bahari hutulia na mfukoni huwa na kitu. Kusi ikianza, hoteli nyingine hufungwa, wafanyakazi hurudishwa nyumbani, na vidau havitoki kwa mawimbi. Baba aliyezoea kutoka alfajiri sasa yuko kibarazani mchana kutwa, amejaa aibu ya kukosa, na aibu hiyo huigeuza hasira. Mke hupata sehemu yake na watoto hupata iliyobaki. Mtoto hajui kusi wala mishahara. Aonalo ni kwamba baba amebadilika, na akili yake changa humwambia kwamba sababu ni yeye. Mababa wenzetu, maneno mawili yangemtosha: "Sina kazi sasa, nina dhiki; si kosa lako." Hayapunguzi cheo chako.

Sasa turudi kwa swali letu, na hapa yatubidi tuseme wazi, ingawa ni jambo la kutahayarisha. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya pamoja na UNICEF zilitoa ripoti juu ya watoto wa pwani hii wanaotumiwa kwa zinaa, na Malindi ilikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa. Ripoti haikuwataja wageni peke yao. Wenyeji wetu walikuwamo pia. Mtu mbaya haanzi kwa ubaya. Huanza kwa kumuuliza mtoto amekula nini, kwa kumwita jina zuri, kwa kumsikiliza, kwa kumpa kitu kidogo. Yaani huanza kwa yale ambayo Nabii Yaaqub aliyafanya, na sisi tuliyaacha. Mtoto aliyeshiba kusikilizwa nyumbani hashangazwi na mtu wa ufuoni amsikilizaye.

Na akishadhuriwa, atasema? Yule aliyezoea kupigwa kwa kuvunja kikombe, ataweza kuja kusema jambo hili? Hunyamaza, na mdhalimu hujua kwamba atanyamaza. Basi mtoto akija na neno kama hilo, hata likiwa limekatika katika, hata likimgusa mtu wa heshima, mjomba au jirani au mwalimu, asipigwe, asiulizwe alifuata nini huko. Aambiwe kwamba amefanya vyema kusema. Apelekwe hospitali upesi, kwani dawa ya kumkinga na ukimwi lazima ianze kabla ya saa 72 kupita, na habari ipelekwe polisi. Au ipigwe simu nambari 116, ambayo ni ya msaada wa watoto na haina malipo.

Wako wazee ambao wakiletewa mambo haya huketi kuyasuluhisha kwa fedha, na huita hivyo sitara. Hilo ni kulichezea neno la dini. Sitara ni kumfunika mja aliyeteleza kwa dhambi yake mwenyewe, si kumfunika aliyemdhulumu mtoto ili apate mwingine kesho. Fedha hupokea baba, na jeraha hubaki kwa mtoto, naye amejifunza kwamba waliokuwa wa kumlinda wamemuuza. Imamu au mzee wa mtaa aombwaye kuketi katika kikao cha namna hiyo na akatae, na aseme kwa nini.

Kazi tuliyojipa darsani mpaka tutakapokutana tena ni ndogo. Kila mmoja wetu, baba au mama, kila usiku baada ya Isha aketi na kila mtoto wake peke yake kwa muda mfupi, simu ikiwa mbali, amuulize siku yake ilikuwaje, wala asitoe waadhi wowote katika muda huo. Siku za kwanza mtoto atajibu "vyema" na kunyamaza, kwa sababu hajazoea. Msikate tamaa. Waliokwisha kuanza wametuambia kwamba kunyamaza bila ya kuwaidhi ni kugumu kwa mzazi kuliko kufunga Ramadhani ya jua kali.

Wengine wameuliza juu ya mzazi ampendaye mwana mmoja kuliko wenziwe, jambo ambalo nduguze Yusuf walilishitakia. Hilo lina hadithi yake, ya Nu'man bin Bashir na zawadi ambayo Mtume (S.A.W.) alikataa kuishuhudia. Tutaisoma katika darsa lijalo, inshallah, na atakaye aje na mkewe.